Gari la Mama Mkwe Lililokataa Mlima

Mama Gia alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ya kufungua giaboksi za otomatiki, na katika miaka yote hiyo hakuna gari lililomtoa jasho na kumtia aibu kama lile la mama mkwe wake.

Jina la Mama Gia alipewa na mjomba wake, ndiye aliyemfundisha kazi. Alianza kwa kuosha vipuri kwenye karai la mafuta ya taa, akafika mahali pa kuweza kulala chini ya gari, kulisikiliza likibadilisha gia, na kutaja ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kueleza. Mjomba alipofariki, gereji ikagawanyika. Mama Gia akabaki upande huu wa barabara, kwenye banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria. Mwanafunzi mwenzake, aliyeitwa Miwani kwa sababu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya, akafungua ng'ambo ya pili. Walisalimiana kila asubuhi na kuchungana kutwa nzima.

Mume wa Mama Gia alikuwa fundi cherehani. Majirani walipenda kutania kwamba katika nyumba ile mume anashona, mke anafumua. Watu wote walicheka, isipokuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba, mgongo umenyooka kama rula. Hakuwahi kusema hata siku moja kwamba hakumtaka mkwe anayelala chini ya magari. Ila kila aliposalimiwa, alitazama kwanza kucha za mkwe wake, ndipo akaitikia. Alikuwa na gari dogo la rangi ya fedha, na siku tatu kila wiki alilitumia kuwapeleka majirani zake wawili hospitali, figo zao zimechoka, wakasafishwe damu kwa mashine. Hospitali ilikuwa juu ya mlima. Hakumtoza mtu chochote kwa safari hizo, na hakupenda kushukuriwa.

Jumatatu moja asubuhi gari lile likaingia gereji likijikongoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yalikuwa kwenye kucha. "Gari yenu hii imekataa mlima."

Gari likiwa zima lilikuwa lake. Likiharibika lilikuwa lenu.

"Imekataaje, mama?"

"Huku chini inakwenda vizuri tu. Nikianza kupanda, nakanyaga mafuta, inapiga kelele lakini haiendi. Gia inaingia, inatoka, inaingia tena, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka amesahau funguo. Juzi bibi wa nyumba ya kijani ilibidi ashuke katikati ya mlima apande kwa miguu. Mgonjwa yule!"

"Nani ameigusa?"

"Miwani alibadilisha oili ya gia wiki iliyopita, ulipokwenda kwa dada yako aliyejifungua. Ilikuwa inavuja kidogo. Lakini hata kabla ya hapo..."

Mama Gia hakusubiri sentensi iishe. Alikuwa ameshatandika boksi chini na kuingia mvunguni mwa gari.

Alipotoka mvunguni alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akaipaka kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua, na kiwango chake sawasawa. Siku nyingine oili kama ile ingemtosha kujua kwamba maradhi yako kwingine. Lakini jina la Miwani lilikuwa limeshamwingia kichwani, na likiingia jina, macho huona linachotaka. Akavuka barabara, karatasi mkononi.

"Umetia oili gani kwenye gari ya mama mkwe wangu?"

Miwani alikuwa na wateja wawili, mmoja wao mwenye gari la kusambazia mikate. Akanyoosha mkono, akaonyesha kopo lililokuwa kwenye rafu.

"Hiyo hapo. Ndiyo inayotakiwa."

"Kopo linaandikwa chochote! Umeua giaboksi ya watu kwa oili ya kubahatisha!"

"Umeipima, dada?"

"Nimeipima kwa macho yangu mwenyewe. Mimi sihitaji miwani."

Watu wakacheka, hata wapita njia. Miwani alivua miwani yake, akaifuta polepole kwa pindo la shati, akaivaa tena. Yule mwenye gari la mikate alitazama saa, akasema amekumbuka ana haraka, akaondoka na gari lake bila kufanyiwa kazi aliyoijia.

Mama Gia akarudi kwake kifua mbele. Akaimwaga oili yote, akatia nyingine. Akachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, nayo ikamjibu kwamba hakuna kosa lolote. Akaliendesha gari kwenye barabara tambarare: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, laini kama mtu anayepanga mashuka. Akajisemea, nimemaliza. Akaelekea mlimani.

Mlimani gari likafa mwili. Alikanyaga mafuta mpaka chini, injini ikaguna, gia ikashuka ya pili, ikajaribu ya tatu, ikashtuka, ikarudi ya pili. Mtu mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la viazi alimfikia, akampita, akageuka kumtazama kwa huruma. Mama Gia alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na gari lake.

Jumanne alifungua sahani ya chini ya giaboksi. Chujio lilikuwa safi. Sumaku ya kunasia vumbi la chuma haikuwa na kitu cha kutisha. Akashusha sehemu yenye vali na vijia vya oili, akaiosha kijia kwa kijia, akakipuliza kila kimoja, akafunga. Ilikuwa kazi ya kutwa nzima, ya kuinama mpaka kiuno kikalia. Jioni akaenda mlimani. Hakuna kilichobadilika.

Alifika nyumbani uso umekunjamana. Mumewe alikuwa kwenye cherehani, anamalizia suruali ya mteja.

"Mama watoto, labda ugonjwa hauko kwenye gia," akasema kwa upole, bila kuinua macho. "Umesema na injini haina nguvu."

"Kwani mimi nakufundisha kukata kola?"

"Hapana."

"Basi. Mama yako ndiye anakanyaga mafuta kama anaua nyoka. Giaboksi gani itavumilia mguu ule?"

"Hilo kamwambie mwenyewe," akasema mume, akaendelea kushona. Ndivyo alivyokuwa: ugomvi aliuacha upite juu ya kichwa chake kama moshi.

Jumatano wagonjwa wakapelekwa hospitali na teksi, na Mama Gia akaigeukia injini. Akatoa plagi, zote nzuri. Akapima koili, akapima msukumo wa pampu ya mafuta, sawa. Akadhani ekzosi imeziba, akalegeza bomba lake upande wa mbele ili moshi upate pa kutokea. Gari likanguruma mtaa mzima ukaziba masikio, lakini mlimani halikuongeza hata hatua moja. Alifungua kisanduku cha chujio la hewa, akaona chujio ni jipya, alilitia yeye mwenyewe kwenye sevisi ya mwezi uliopita, akafunga. Kazi ya mikono yake haikuwa na haja ya kukaguliwa.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba gari lilimdhihaki. Likiwa limesimama gerejini, boneti wazi, ukilipigisha resi liliitikia kwa sauti safi, bila kukohoa. Gerejini hodari, mlimani hoi. Lilikuwa kama mtoto anayejifanya mgonjwa saa ya kwenda shule, ila hili lilifanya kinyume: lilijifanya zima mbele ya daktari. Saa tisa alasiri spana ilimponyoka, ikamchuna kidole. Akaiokota, akairusha kwa nguvu zote. Ikagonga pipa la maji, pipa likalia kama kengele, na ng'ambo ya barabara Miwani akainua kichwa, akatazama, akainama tena kwenye kazi yake. Kule kunyamaza kwake kulimkera Mama Gia kuliko tusi.

Mama mkwe alipopita jioni ile kuulizia, alimkuta ameketi juu ya tairi.

"Mama, giaboksi imekufa," Mama Gia akasema. "Itabidi tutafute nyingine."

"Imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Imekufa tu, mama."

Mama mkwe akamwinamia. "Binti, nimefanya kazi wodini miaka thelathini na minane. Sijawahi kuandika kwenye faili la mtu kwamba amekufa tu."

Mama Gia akainuka kwenye tairi, akafunga boneti.

"Kesho asubuhi tutapanda mlima pamoja. Nitaendesha mimi, hivi hivi ninavyoendesha kila siku. Wewe ukae pembeni utazame. Siku zote hizi unamtibu mgonjwa na hujamwona akiumwa mikononi mwangu."

Alhamisi wakaondoka. Mama Gia alikaa kiti cha abiria, mashine yake ya kusomea imechomekwa, kioo chake kidogo mapajani. Alikuwa na hasira ya kuendeshwa kama mgeni, na hasira zaidi ya kujua kwamba hoja ya mama mkwe ilikuwa na mashiko. Chini ya mlima mama mkwe akakanyaga mafuta, wala hakukanyaga kama anaua nyoka. Alikanyaga taratibu, kama mtu anayejua kuna wagonjwa nyuma. Gari likapunguza mwendo. Akaongeza mguu. Likapunguza zaidi.

Safari hii Mama Gia hakuwa na usukani wa kushika wala gia ya kusikiliza kwa mguu, akawa na kazi moja tu, ya kusoma tarakimu. Akaona jambo. Mguu wa dereva ulikuwa umeufungua mlango wa hewa wa injini wote, lakini hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa ya kumtosha kitoto kichanga kupumua. Kadiri mguu ulivyokwenda chini, hewa haikuongezeka. Injini ilikuwa inakabwa koo. Na giaboksi, maskini, ilikuwa inafanya ilivyoumbwa kufanya: dereva amekanyaga sana, injini haina nguvu, basi inarudi gia ya chini kumsaidia, kwa nukta moja mzigo unapungua, inajaribu kupanda, inashindwa, inarudi. Siku tatu alikuwa akimtesa mtumishi asiye na kosa.

"Achia mafuta, mama."

Mama mkwe akaachia. Ndani ya boneti kikasikika kitu kidogo: pu! Kama mtoto aliyeachia titi.

"Umesikia hiyo?"

"Hiyo? Naisikia toka mwezi uliopita," mama mkwe akasema. "Toka ulipoifanyia sevisi. Jumatatu nilikuwa nataka kukwambia, ukawa umeshajitosa chini ya gari."

Mama Gia akaomba gari liegeshwe. Akashuka na bisibisi, akafungua boneti, akalegeza bomba nene la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye chujio mpaka kwenye injini, akaingiza vidole. Vikagusa nguo.

Akavuta. Kikaja polepole, kirefu, cheusi kwa vumbi na oili, kitambaa cha kufutia mikono. Injini ikivuta hewa kidogo, kama pale gerejini, kililala chini ya bomba kimya. Ikivuta sana kwa sababu ya mzigo wa mlima, kilinyanyuka na kuziba njia. Alikikunjua. Chini ya uchafu kulikuwa na maua ya manjano. Lilikuwa pazia la zamani la chumbani kwake, ambalo mumewe alilikata vipande akavipinda kingo kwa cherehani, ili nyuzi zisinase kwenye vipuri. Akakumbuka sasa: alisafisha mlango wa hewa, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, akaitwa na mteja, akarudi, akafunga.

Boneti iliyoinuliwa ilikuwa imemkinga kama ukuta. Kutoka kwenye kiti cha dereva mama mkwe hakuweza kuona kitu. Mfuko wa ovaroli ulikuwa wazi. Angekitia humo, akafunga bomba, akasema ni waya uliolegea, na gari lingepanda mlima leo na siku zote. Miwani angebaki na lawama yake, na lawama haimchubui mtu ngozi. Mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni nusu.

"Umeona nini?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Ulimi ulitaka kusema waya. "Kitambaa," ukasema.

Akaenda dirishani, akakionyesha. Mama mkwe alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akakigeuza, akatazama ukingo wake kwa muda.

"Huu mshono wa mwanangu."

"Ndiyo, mama. Nilikisahau mimi. Si Miwani, si giaboksi, si mguu wako. Ni mimi."

"Mguu wangu ulikuwa na nini?"

"Nilisema unakanyaga kama unaua nyoka."

"Aha." Mama mkwe akamrudishia kitambaa. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Chumba cha upasuaji tulihesabu vitambaa. Vilivyoingia tumboni mwa mtu, kabla ya kushona, lazima vitoke vyote. Alihesabu mmoja, akahesabu wa pili. Daktari angegomba, angechelewa, angefanya nini, hashoni mpaka hesabu itimie. Wewe huwa huhesabu?"

"Sihesabu, mama."

"Basi funga bomba lako tujaribu."

Gari likapanda. Gia zikapokezana moja baada ya nyingine bila mshtuko, injini ikivuta kwa raha, na wakafika juu kabla Mama Gia hajaweka vizuri bisibisi yake. Siku nyingine angeshangilia. Siku ile ilikuwa kama kusikiliza harusi ya jirani ukiwa na jino linauma.

"Miwani umeshamwomba radhi?" mama mkwe akauliza wakiteremka.

"Mama, si ndiyo kwanza nimejua?"

"Basi tupitie kwake."

Miwani alisikiliza akiwa amesimama, mikono imejaa grisi. Mama Gia alizungumza kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake. Alipomaliza, Miwani akavua miwani.

"Ulinitangaza mchana kweupe mbele ya wateja wangu, sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana, mafundi wa pande zote mbili wamekaa kwenye mabenchi na sahani zao, Mama Gia akapiga moyo konde, akasimama katikati na kitambaa chake mkononi, akaeleza kila kitu kwa sauti ileile aliyotumia Jumatatu. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha fundi rangi akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwako ni nguo yenyewe!" Kicheko kilichofuata kilimwaga chai ya watu wawili. Mama Gia akakivumilia chote.

"Na oili yangu uliimwaga?" Miwani akauliza kicheko kilipopoa.

"Niliimwaga."

"Ilikuwa oili nzuri."

"Ilikuwa nzuri."

Miwani akaendelea kula. Hakusema amesamehe. Jioni Mama Gia alitembea mpaka kwa yule mwenye gari la mikate, akamweleza kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo na Miwani ni fundi wa kuaminika. Mtu yule akamshukuru, akasema bahati mbaya gari ameshalipeleka kwingine, na huko wamemfanyia kazi nzuri, sasa angeanzaje kurudi? Mama Gia akarudi njia nzima akijigombeza mwenyewe. Neno alilolitoa kwa dakika moja alikuwa hana njia ya kulirudisha kwa mwendo wa saa nzima.

Toka siku ile watani wakaacha kumwita Mama Gia, wakamwita Mama Pazia. Hakulipenda jina hilo, na mpaka leo ukimwita hivyo huenda asiitike. Mumewe alimdarizia vitambaa kumi vyenye namba, moja hadi kumi, kwa amri ya mama mkwe, na yeye akapigilia misumari kumi ukutani ya kuvitundikia.

Miezi miwili baadaye mteja mmoja mwenye haraka alikuwa anasubiri gari lake. Kazi ilikuwa imekwisha na injini imeshawashwa. Mama Gia akatazama ukutani, akaona msumari wa saba ni mtupu. Akazima injini.

"Mama, nina safari!" mteja akalalamika.

"Subiri."

Alifungua kisanduku cha chujio, akafungua bomba la hewa, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akalala chini, akamulika tochi kila pembe. Mteja alikwenda na kurudi, akapiga simu, akashika kichwa. Mama Gia alikuwa anatweta kwa hasira, na hasira hiyo hakujua amwelekezee nani. Nusu saa ilikuwa imepita pale Miwani alipovuka barabara kuja kuazima jeki, akasimama, akamtazama.

"Unatafuta nini, dada?"

"Namba saba."

"Si hiyo begani kwako?"

Mama Gia akapeleka mkono begani. Akakitoa kitambaa, akakitundika mahali pake, akampa Miwani jeki, akaanza kufunga bomba upya bila kumtazama mtu usoni.